Ifuate Chumvi: Kukagua Nyumba Iliyo Karibu Mpya Mombasa

Nyumba inayonitia wasiwasi kuliko zote ni ile iliyojengwa miaka miwili mitatu iliyopita. Nyumba kuukuu haifichi kitu: kilichokuwa cha kupasuka kimeshapasuka, nawe unakata bei ukijua. Nyumba mpya kabisa ina mkandarasi wa kufuatwa, maana mikataba mingi ya ujenzi humbana arekebishe kasoro kwa muda wa miezi 6 hadi 12 baada ya kukabidhi. Hii ya katikati muda huo umeshaipita. Rangi bado inang'aa, maradhi yameanza ndani ya kuta bila kutokeza, na bei anayoitaja mwenyewe ni ile ile ya nyumba mpya.

Wanaozinunua nyumba hizi Nyali, Bamburi, Shanzu, Kiembeni, Utange, mpaka kule Mtwapa tukishavuka kaunti, wengi ni watu waliokusanya kwa miaka. Kuna aliyejinyima mshahara wa bandarini, kuna mwenye kiinua mgongo, kuna waliochukua mkopo wa sako wakachanganya na pesa za mtoto aliye ng'ambo. Pesa kama hizo hazipatikani mara mbili. Kisha unaona mtu anakwenda kuiona nyumba mara moja tu, saa nne asubuhi, dalali ameshafungua madirisha yote na kuwasha kila taa, anasifu jiko, anasifu taili, jioni yake anapeleka arubuni. Inaniuma kila ninapoliona hilo.

Nikiingia nyumba ya pwani mimi huwa na maswali mawili. Chumvi imeingilia wapi, na maji yanapita wapi? Mengine karibu yote yanarekebishika.

Chumvi hutufikia kwa njia tatu. Upepo wa bahari huileta kila siku. Maji ya ardhini hupanda nayo ukutani, na mawe yetu ya matumbawe yana vitundu, hunyonya maji upesi. Ya tatu ndiyo mbaya, kwa kuwa nyumba huzaliwa nayo: mchanga wa baharini, au mchanga wowote wenye chumvi, uliochanganywa na simiti bila kuoshwa kwa sababu ni rahisi kuupata. Ukishajengewa kwa mchanga huo hakuna rangi ya kuiondoa chumvi. Chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, na hewa ya Mombasa haina siku iliyo kavu, kwa hiyo ukuta unaendelea kulowa hata mwezi wa pili ambapo hakuna tone la mvua.

Ami yangu ni mwashi, amejenga tangu ujana wake, na yeyote kwetu anayetaka kununua nyumba humchukua. Juzi tulikwenda naye na dada yangu kuiona nyumba moja ya miaka mitatu upande wa Bamburi. Sebule ilikuwa safi, nyeupe, inapendeza. Ami hakuutazama ukuta. Alisogeza kochi, akachuchumaa, akapitisha kiganja kutoka usawa wa kiuno kushuka chini. Juu rangi ilikuwa laini. Kuanzia kama futi mbili kutoka sakafuni ilikuwa na vijipele, na weupe wake ulizidi kidogo weupe wa juu. Ukisimama katikati ya chumba huoni, ukilaza jicho sambamba na ukuta unauona mstari. Akakwaruza kwa ukucha pale kwenye kona, plasta ikatoka unga. Akaugusisha ulimini.

"Bwana," akamuuliza mwenyewe kwa upole, "rangi ya hapa chini mmepaka lini?"

"Ah, tulisafisha tu kidogo, mzee, kwa ajili ya wageni."

"Haya, twashukuru."

Tulipofika nje akamwambia dada yangu: "Mwanangu, hapo chini hawakuzuia unyevu, au walizuia vibaya. Ukiitaka nyumba hii, hesabu kubomoa plasta yote ya chini, nyumba nzima." Alikuwa anazungumzia ile karatasi nyeusi ambayo mwashi huitandika juu ya msingi kabla ya kuinua ukuta. Ikikosekana, au ikichanika, au mwenye nyumba akija kumwaga zege la uwanja likapanda juu yake, maji hupata ngazi. Kwa hivyo zunguka nyumba kwa nje uangalie uwanja umefika wapi. Kama zege au taili za nje ziko sawa na sakafu ya ndani, au zimeizidi, umeshapata jibu la unyevu wa ndani.

Fungua kabati za nguo, hasa zilizoegemea ukuta wa nje. Ingiza kichwa. Uvundo haupakwi rangi. Jikoni vuta droo ya chini ya sinki, angalia mbao: zile za unga wa mbao uliogandishwa zikishaguswa na maji huvimba kwenye kingo, na hazirudi. Angalia pia bawaba za milango, misumari ya fremu, na mashine ya AC iliyo nje. Kitu kilichokula kutu kwa miaka mitatu kinakueleza upepo wa bahari unapiga vipi hapo, na utakuwa ukibadilisha vyuma vingapi.

Kutu ya kuogopa ni ya nondo. Chuma kikiota kutu ndani ya zege huvimba, na kikivimba hulipasua. Dalili zake hazianzii sebuleni. Nenda chini ya roshani ukaangalie juu. Nenda kwenye nguzo za pale magari yanapoegeshwa, chini ya ngazi, chini ya jukwaa la tangi la maji. Unatafuta ufa ulionyooka, unaofuata nondo, au doa la rangi ya chai linalotoka kwenye zege, au plasta iliyobambuka ikaacha chuma wazi. Katika jengo la miaka 30 hayo ni uzee. Katika jengo la miaka mitatu yana maana kwamba zege lililofunika chuma ni jembamba mno au mchanga ulikuwa na chumvi, na basi nyumba nzima iko hivyo, si pale tu ulipopaona. Mimi hapo ningeondoka. Anayetaka kuendelea asiendelee bila injinia wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi, aje mwenyewe, aandike ripoti kwa jina lake. Ada ya injinia mbele ya bei ya nyumba ni ndogo sana, na ajabu ni kwamba watu huibania hiyo kuliko ya dalali.

Kuhusu nyufa nyingine, usitishike na vile vinyufa vyembamba kama nywele vilivyotapakaa kwenye plasta. Hivyo ni plasta iliyokauka haraka kwa jua. Ufa wa kutiliwa maanani ni unaotoka kwenye pembe ya dirisha au mlango ukaenda kimshazari, unaopitisha kucha, au unaoonekana pande zote mbili za ukuta. Ukiuona ndani, toka nje uutafute. Halafu fungua na ufunge kila mlango. Mlango unaogusa sakafu upande mmoja huenda umevimba kwa unyevu tu, lakini milango mitatu inayokwama upande ule ule inazungumzia msingi.

Ukiweza, panda juu. Nyumba nyingi za siku hizi zina paa la zege lililo tambarare, na paa la namna hiyo Mombasa ni la kuangaliwa kila mwaka. Mvua ikinyesha mwezi wa tano haichezi. Angalia kama maji husimama mahali, utaona alama ya matope au ukijani ulioacha duara. Angalia kile kitambaa cheusi cha lami cha kuzuia maji kama kimeinuka kwenye kingo. Ukishuka, tazama dari ya vyumba vya juu hasa kwenye pembe na karibu na taa. Dari iliyopakwa rangi sehemu moja tu ina habari. Ningependa kila mnunuzi wa mji huu aione nyumba yake mara moja wakati wa masika, siku ile ile mvua imenyesha, na kama dalali anasema wateja wengine wanakuja, waje.

Maji ya kutumia nayo ni mlango mwingine wa gharama. Mombasa haina mto wake. Maji yetu ya mfereji yanatoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200 za bomba, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere upande wa Shimba Hills, na Tiwi. Hayatoshi, ndiyo maana yanagawiwa kwa zamu, na mtaa na mtaa hauko sawa. Mwenye nyumba atakwambia maji yapo. Usimuulize yeye. Muulize anayesukuma mkokoteni wa mitungi. Yeye ndiye anayejua mtaa upi hununua kila siku na upi hununua mara moja kwa mwezi, kwa kuwa ndiyo riziki yake. Muulize mama wa duka la pembeni pia, na jirani wa nyumba ya pili, na umsalimie vizuri kabla hujamuuliza.

Nyumba nyingi basi zina kisima. Onja maji ya kisima hicho. Kama hutaki kuonja, nawa mikono kwa sabuni uone povu linatoka vipi, kisha uombe kuona birika la umeme la jikoni, lile wanalochemshia chai. Likiwa na magamba meupe ndani, maji ni magumu, na mifereji, shawa na mashine ya kufulia vitakuwa na magamba hayo hayo mahali usipopaona. Angalia shawa ya umeme kwa makini zaidi. Maji ya chumvi hupitisha umeme upesi kuliko maji yasiyo na chumvi, na kuna shawa zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi hasa. Ya kawaida ikifungwa kwenye kisima cha chumvi huungua mapema, na kama hakuna waya wa kupeleka umeme ardhini, mtu anaweza kupigwa shoti akiwa anaoga. Hapo fundi wa stima aliyesajiliwa afungue kisanduku cha swichi akuthibitishie. Ukiwa hapo hapo uliza kama mita ya stima ni ya nyumba hiyo peke yake, maana kuna majengo ambayo wapangaji wawili watatu wameunganishwa kwenye moja, na ugomvi wa tokeni hauishi.

Kwa kisima kuna la zaidi: kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na umbali wake kutoka shimo la choo. Sehemu kubwa ya mji huu haina mfumo wa maji taka, kila mtu ana shimo lake, na ardhi yetu ya matumbawe hupitisha maji bila kuyachuja sana. Umbali wa mita 30 ndio unaotajwa sana na wataalamu. Kwenye ploti ya futi 50 kwa 100 umbali huo haupatikani hata ukiviweka kwenye pembe mbili zinazotazamana kwa marefu, kwa kuwa jirani naye ana shimo lake nyuma ya ukuta. Kwa hivyo maji ya kisima cha mjini yachukulie ya kuoshea na kusafishia, na kabla ya kuyanywa yapeleke maabara.

Shimo lenyewe lifunguliwe. Wauzaji hawalipendi jambo hili, nami ndiyo maana nalishikilia. Uliza liko wapi; ukijibiwa "pale nyuma tu" omba mfuniko uinuliwe. Uliza linanyonywa kila baada ya muda gani, na gari la kunyonya linapita wapi. Kuna nyumba nzuri zimejengewa vichochoro ambavyo gari hilo haliingii. Shimo la familia moja linalojaa kila baada ya miezi michache lina kasoro, ama ni dogo kuliko ramani ilivyosema, ama maji ya ardhini yanaingia ndani yake wakati wa mvua. Ukirudi ndani mwagia ndoo nzima ya maji sakafuni bafuni uone yanakimbilia kwenye tundu au yanakuja mlangoni. Vuta maji ya vyoo vyote kwa pamoja, usikilize. Gonga taili kwa sarafu. Zinazolia tupu hazikushikwa na simiti, zitang'oka.

Joto, watu hulisahau kwa kuwa walikwenda asubuhi. Pepo zetu za kusi na kaskazi zote mbili zina upande wa mashariki ndani yake, moja kutoka kusini-mashariki katikati ya mwaka, nyingine kutoka kaskazini-mashariki mwishoni na mwanzoni mwa mwaka. Chumba cha kulala chenye dirisha moja tu la magharibi hakipati upepo wa maana na kinapigwa na jua la alasiri mpaka magharibi. Nenda saa kumi. Zima AC na feni, keti dakika chache. Na kama upande wa upepo kuna kiwanja kitupu, uliza ni cha nani na anakusudia nini, kwa kuwa fleti za ghorofa tano zikiinuka hapo utakuwa umenunua nyumba nyingine. Usiku pia pita, hasa Ijumaa na Jumamosi, ukiwa Bamburi au Mtwapa palipo na kumbi za muziki.

Anayenunua fleti ana mzigo wa pili, ule wa vitu vya pamoja. Uliza savisi chaji, ile ada ya kuvitunza, ni kiasi gani na ni wangapi hawalipi. Omba kuona hesabu za mwaka uliopita. Jengo la miaka mitatu ambalo lifti yake ina miezi haifanyi kazi, au jenereta haina dizeli, halina pesa, na pesa hizo zitatoka kwako. Askari wa geti husema mengi ukimsalimia kama mtu. Tena hakikisha unachouziwa kina hati yake. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2020 inataka kila fleti iwe na hati yake mwenyewe, na waliokuwa na mikataba mirefu ya kupangisha chini ya mwenye jengo wabadilishe. Bado wapo wanaouza kwa mkataba wa zamani. Mwachie wakili wako akueleze hiyo inakugusaje, na awe wako, asiwe wa muuzaji anayesema "tutumie huyu huyu tuokoe gharama".

Na hapa Mombasa kuna jambo ambalo mtu wa bara halijui na hata sisi tunalipita: nyumba bila ardhi. Mtu anamiliki kuta na paa, ardhi ni ya mwingine, na analipa kodi ya ardhi kwa mwenye kiwanja. Ni desturi ya miaka mingi, Majengo, Kisauni, Likoni, na familia zimeishi hivyo kwa vizazi kwa heshima. Lakini nyumba ya taili na geti la umeme inaweza kuwa imesimama juu ya ardhi hiyo, nawe ukaonyeshwa mkataba wa kuuziana nyumba ukadhani umeona hati. Benki hazipendi kuipokea nyumba ya aina hiyo kuwa dhamana. Fanya sachi kwenye ofisi ya ardhi kwa namba ya ploti, usome jina, usome vizuizi vilivyoandikwa, na kama ni ya kukodi kutoka serikalini uangalie miaka iliyobaki kati ya ile 99. Kama kiwanja ni cha mirathi, kila mrithi awe amekubali kwa maandishi na mirathi iwe imepitia mahakamani. Kama kuna harufu yoyote ya wakfu, nenda Tume ya Wakfu ukaulize kwanza. Mali ya wakfu haiuzwi. Na kama ni nyumba wanayoishi mume na mke, sheria inataka mwenzake muuzaji aridhie.

Omba ramani zilizoidhinishwa na kaunti, cheti cha kuruhusu jengo kukaliwa, na usajili wa mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Kisha simama uwanjani na ramani mkononi uhesabu ghorofa. Jengo lililoidhinishwa ghorofa tatu likawa na tano limebebeshwa uzito ambao msingi wake haukupigiwa hesabu. Hesabu yako wewe nayo iwe kamili: ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini, juu yake wakili na mthamini. Kodi ya faida ya mauzo, asilimia 15 tangu Januari 2023, ni ya muuzaji, na akikuomba "mgawane" kataa.

Muulize muuzaji kwa nini anaiacha nyumba mapema hivi. Uhamisho wa kazi, talaka, deni, yote yana maana, ila jibu lake lilinganishe na la jirani.

Ukikubali kununua, kasoro zote ulizoziona ziandikwe kwenye mkataba wa mauzo: nani anarekebisha, kabla ya tarehe gani, na kiasi gani kinakatwa asiporekebisha. Kwa kawaida hutolewa asilimia 10 mwanzo na salio ndani ya siku 90. Ile asilimia 10 ikae kwa wakili, isiingie mkononi mwa muuzaji mpaka uhamisho ukamilike. Siku 90 hizo ni nafasi ya kurudi na mwashi wako ukaangalie tena ukuta wa chini. Siku ya funguo, pigeni picha mita ya maji na ya stima mkiwa pamoja, upewe risiti ya reti za kaunti na ya savisi chaji zilizolipwa mpaka siku hiyo, ramani ya mabomba kama ipo, na namba ya simu ya fundi aliyechimba shimo la choo. Vitasa badilisha siku hiyo hiyo.